Kifuniko cha Bondeni

Kioo cha kompyuta ya ofisini kilipogeuka chekundu, Kifuniko alikuwa na kipande cha mkate mdomoni, na kipande hicho kikakaa hapo hapo, hakikumezwa wala kutemwa. Bomba la kupimia hewa ya udongo, lile lililochomekwa uani kwa bibi yake kule bondeni, lilikuwa likisema kwamba hewa ya ukaa imepanda. Juzi kioo kilikuwa cha kijani. Jana njano. Leo nyekundu, tena nyekundu ile inayokutazama usoni na kukuuliza, haya bibi mkubwa, sasa unasemaje?

Jina hilo la Kifuniko hakupewa na wazazi wake. Alibandikwa na watu wa kiwanda cha saruji, alikokuwa mpima miamba. Kiwanda kilikuwa kikikamata moshi wake, kikiuchuja mpaka ikabaki hewa ya ukaa tupu, kisha kikiisukuma kwa pampu chini sana ardhini, ndani ya jiwe la mchanga lenye vitundu kama sifongo. Kilichoizuia isirudi juu ni tabaka la mwamba wa tope uliokaa juu ya jiwe hilo, mweusi, mzito, umelala pale tangu zama ambazo hata umbea ulikuwa haujaanza. Kazi ya huyu dada ilikuwa kuuchunguza mwamba huo na kusema kama utashika. Siku ya mkutano wa wakazi alisimama mbele ya ukumbi wa shule, akameza mate, akasema, "Mwamba huu ni kifuniko. Kimeshika, na kitashika." Basi, yakaisha. Tangu siku hiyo hata mlinzi wa getini akimwona anamuuliza, "Kifuniko, chungu kinachemka?"

Tatizo ni kwamba aliyekaa juu ya chungu chenyewe alikuwa bibi yake. Nyumba ya bibi ilikuwa mwisho wa mteremko, mahali pa chini kuliko pote bondeni. Na hewa ya ukaa ni nzito. Ikitoka haipai juu kama moshi. Inatambaa. Inatafuta mashimo na vyumba vya chini, inajilaza humo, haina harufu, haina rangi, na anayelala nayo haamki asubuhi kulalamika.

Siku ya mkutano, watu walipoanza kunung'unika kwamba wahamishwe, bibi aliinuka na fimbo yake akawakata kauli. "Kama mke mwenzangu kasema inashika, mimi sihami. Atakayehama aniachie kuku wake." Ukumbi mzima ukaangua kicheko, watu wakakaa, na hakuna aliyehama. Maneno hayo ndiyo yaliyokuwa yamemkaba Kifuniko koo, pamoja na ule mkate.

Aliutema kwenye karatasi, akaenda kwa Meneja bila kupiga hodi.

"Simamisha pampu."

"Salamu hakuna siku hizi?" Meneja akauliza.

"Shikamoo. Simamisha pampu."

"Marahaba. Kuna nini?"

"Bondeni kumekuwa kwekundu."

Meneja alikuwa na tabia ya kupangusa miwani kila aliposikia jambo asilolipenda. Akaivua, akaipangusa kwa ncha ya tai. "Mwamba wako umepasuka?"

"Sijui."

"Hujui! Miaka yote hii unatuambia unaujua mwamba ule kuliko unavyomjua mumeo."

"Naujua pale tulipouchimba," Kifuniko akasema.

Hiyo ndiyo ilikuwa kweli, na alikuwa hajawahi kuitamka kwa sauti. Walikuwa wamechimba mashimo matatu na kutoa magogo ya mwamba, unene wake kama paja la mtu mzima. Vipande vya magogo hayo alivibana ndani ya mtungi wa chuma, akasukuma gesi upande mmoja na kungojea upande wa pili. Alingoja wiki baada ya wiki, kama mtu anayengoja mkwe aage. Halikutoka hata povu moja. Chini ya hadubini vitundu vyake vilikuwa vidogo kiasi kwamba maji ya chumvi yaliyomo yalikataa kata kata kuipisha gesi. Pale alipopima, mwamba ulikuwa mgumu wa maneno kweli kweli. Lakini kati ya shimo na shimo hakuna aliyetia mkono. Kati ya shimo na shimo palikuwa na hesabu, na hesabu zilipokomea palikuwa na matumaini. Ufa mmoja tu uliopita katikati, wakaukosa kwa mashimo yote matatu, ungetosha.

"Nikuulize," Meneja akasema. "Hiyo nyekundu imelinganishwa na nini?"

Meneja alikuwa amegonga penye kidonda bila kujua.

Kabla ya gesi ya kwanza kuteremshwa, yeye na mchimbaji wao mkuu walipima hewa ya udongo bondeni kote, ili wajue tabia yake ya siku zote. Walipima vizuri sana. Walipima kiangazi chote. Mvua ilipoanza, gari lilizama kwenye kona ya kuteremkia bondeni, mchimbaji akalisukuma mpaka tope likamwingia masikioni, na wote wawili, wakiwa wameketi pale kama vyura, wakakubaliana kwamba udongo ni udongo. Wakarudi zao. Kosa la namna hiyo hulifanya watu wa miamba peke yao. Mtu aliyezoea kuhesabu umri wa jiwe kwa mamilioni ya miaka, msimu mmoja wa mvua anauona kama chafya. Na kweli mwamba ulioko kilindini hauna habari na mvua. Udongo wa juu ndio wenye habari. Ukilowa, mizizi na vijidudu vinaamka, vinaanza kuhema kama mtu anayepanda ngazi na gunia, na hewa ya ukaa inajaa ardhini.

Kwa hiyo nyekundu ile ingeweza kuwa mvua. Au ingeweza kuwa ile nyingine. Na cha kulinganishia hawakuwa nacho, maana hii ndiyo ilikuwa mvua ya kwanza tangu pampu iwashwe.

"Niletee kitu kinachosema inavuja," Meneja akamwambia, "nazima pampu kabla hujafunga mlango. Lakini siwezi kuzima kiwanda kwa sababu ya rangi."

"Bibi yangu yuko kule."

Meneja akarudisha miwani usoni. Sauti yake ikashuka. "Najua. Wote tunajua. Si kwa ajili yake ndiyo watu walikaa?"

Hilo lilimpiga Kifuniko kuliko tusi.

Mchimbaji mkuu aliitwa Keekee, kwa sababu ya keekee zake za kutobolea ardhi na kwa sababu ya mdomo wake, maana vyote viwili vikianza kuzunguka havikomi hadi vitokee upande wa pili. Kifuniko alimkuta karakanani akikaza nati.

"Nahitaji kipimo cha oksijeni. Changu kimekufa."

"Umekiangusha?"

"Kimezeeka ndani ya boksi lake. Vinakufa hivyo hivyo tu, hata usipovitumia."

"Kama baadhi yetu," Keekee akasema, kisha akamtazama vizuri, na utani ukamtoka. "Ni bondeni, sivyo?"

Alitoka mbio, akarudi na kidude cha manjano alichoazima kwa wasafisha maghala ya saruji. Wale hukivaa kifuani wanapoteremka ndani ya ghala. Oksijeni ikipungua, kinapiga kelele, nao wanapanda juu kama panya walioona paka. Wakaingia garini. Mvua ilikuwa ikichapa kioo, na Keekee akaendesha akiwa ameinama mbele kana kwamba anataka kulisukuma gari kwa paji la uso.

"Hebu nieleze," akasema, "kama unavyomweleza mtu mwenye akili zake."

"Udongo ukipumua ni kama wewe. Unakula oksijeni, unatoa hewa ya ukaa. Ukaa ikipanda sita kwa mia, oksijeni nayo imeshuka kama sita."

"Sawa."

"Gesi yetu ikipanda kutoka chini haijala kitu. Imejileta tu, na mizigo yake. Ukaa inapanda, lakini oksijeni inabaki karibu pale pale."

Keekee akafikiri mpaka wakapita ile kona yao ya zamani, safari hii salama. "Kwa hiyo kidude hiki kikilia?"

"Oksijeni imeshuka. Ni udongo unahema. Tumepona."

"Na kikinyamaza?"

Kifuniko alitazama nje.

"Dada," Keekee akasema, "nimefanya kazi na wale wa maghala. Mdude huu ukilia, mtu mzima na ndevu zake anaita mama. Leo unataka niuombee ulie?"

"Uombee."

Walipofika, mlango wa bibi ulikuwa umerudishwa tu. Kifuniko akaingia bila hodi, kwa mara ya pili siku hiyo. Bibi alikuwa kwenye kiti chake kifupi, kichwa kimeangukia bega, mdomo wazi, mikono imelegea mapajani. Kifuniko akapiga magoti, akaweka kiganja mbele ya pua ya bibi, akangoja.

"Mume mwenyewe tulishamzika," bibi akasema bila kufumbua macho, "sasa unaniwinda nini?"

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Toa mkono, unanuka mafuta ya gari." Akafumbua jicho moja. "Na huyo anayenivujia maji sakafuni?"

"Ni mimi, bibi, Keekee. Shikamoo."

"Marahaba, baba. Bado hujaoa?"

"Nilioa, bibi."

"Basi mwambie akulishe." Akamgeukia mjukuu wake. "Mvua hii mmefuata nini? Siku zote mnakuja jua kali, mnanimalizia maji mtungini."

Hata bibi aliliona hilo, Kifuniko akawaza, na sisi hatukuliona.

"Tumekuja kupima kidogo. Halafu, bibi, nilikuwa nafikiri twende kwangu siku mbili tatu. Watoto wanakuulizia."

"Watoto wana simu."

"Ubadilishe hewa tu."

Neno lilikuwa limeshatoka. Bibi akafumbua na jicho la pili. Alimtazama muda mrefu, kwa namna alivyokuwa akimtazama zamani alipotoka jikoni akifuta mdomo.

"Kifuniko kimelegea?"

"Sijasema hivyo."

"Hujasema. Zamani ulikuwa unasema tu, hata usipoulizwa."

Kifuniko alitoka uani kabla hajaulizwa lingine. Mabomba yalikuwa manne, moja la kupeleka habari ofisini na matatu ya kupimia kwa mkono, membamba, yamezamishwa ardhini kina cha kufika kiunoni mwa mtu, kila moja na kizibo cha mpira juu. Dirishani kwa jirani alikuwa ameshatokea fundi cherehani, utepe shingoni, mtu ambaye hakuna habari iliyowahi kupita bondeni bila yeye kuipima urefu.

"Kifuniko!" akaita. "Kwema?"

"Kwema, fundi."

"Mbona mnapima mvuani?"

"Kazi haina mvua."

"Zamani ilikuwa nayo," fundi akasema, na hakutoka dirishani.

Keekee akashika mwavuli. Kifuniko akaunganisha mpira kwenye bomba la kwanza, akapachika kidude cha manjano na kipimo chake cha hewa ya ukaa upande wa pili, akaanza kuvuta hewa kwa pampu ndogo ya mkono. Akavuta. Akavuta tena. Hewa ya kule chini ilikuwa inapita sasa, ilikuwa lazima inapita. Kidude kimya. Kwenye kioo chake, ishirini na moja kwa mia, kama hewa ya kawaida. Hakuna kilichopungua hata chembe.

"Kinawaka?" Keekee akanong'ona.

"Kinawaka."

"Mbona..."

"Nyamaza."

Akavuta tena. Kimya. Mvua ikigonga mwavuli, kuku wa bibi wakilalama chini ya banda, na kidude kile kimya kama mtu anayejua jambo na hataki kulisema. Kifuniko aliona yote kwa mara moja: ufa uliopita kati ya mashimo, gesi ikipanda humo polepole, ikipita jiwe baada ya jiwe, bila haraka, mpaka hapa, chini ya kile kiti kifupi. Na yeye alisimama ukumbini akasema kitashika. Alishaanza kuinuka, alishaanza kumwambia Keekee akambebe bibi hata kwa nguvu, macho yake yalipoangukia kipimo kingine, kile cha hewa ya ukaa. Kilikuwa kinasoma karibu na sifuri.

Akaduwaa. Sifuri? Kioo cha ofisini kinapiga kelele, na hapa sifuri?

Akashika kizibo cha mpira. Kikazunguka mkononi. Jua la kiangazi lilikuwa limekipasua, kikawa kinaingiza hewa ya nje. Alikuwa amekaa pale akipima hewa ya uani.

"Kifuniko ndicho kinachovuja," Keekee akasema, kisha akaona uso wa mwenzake. "Nisamehe. Nimenyamaza."

Alikifunga kwa utepe wa mpira, safu juu ya safu, hata utepe ukamganda kwenye kucha. Akavuta upya. Ukaa ikaanza kupanda: moja, mbili, nne. Oksijeni ishirini. Ikasita hapo, mbaya ile, kana kwamba imefika nyumbani. Ishirini. Akavuta mara nyingine. Ishirini kasoro.

Halafu kidude kikapiga yowe.

Kilipiga yowe la kuamsha waliokufa. Kuku wakatawanyika. Fundi cherehani akatoka kwake na kiatu kimoja, akapanda mteremko kama ana miaka kumi na minane, utepe ukipepea nyuma, akipaza sauti, "Tokeni! Tokeni! Kimefunguka!" Na Kifuniko alikuwa amepiga magoti matopeni, anacheka na kulia, anakikumbatia kidude hicho kifuani kama mtoto.

"Mrudishe!" akamwambia Keekee. "Mwambie ni kheri!"

"Fundi! Rudi, bwana! Ikilia ni kheri!"

"Kheri yenu!" fundi akajibu kutoka mbali, bila kupunguza mwendo.

Bomba la pili lilipiga yowe. La tatu pia. La nne, lile la karibu na ukuta wa chumba cha bibi, alilivuta muda mrefu kuliko yote, akalipima, akalipima tena. Ukaa sita kwa mia, oksijeni kumi na tano. Sita na kumi na tano. Kilichotoka kimelingana na kilicholiwa. Ulikuwa ni udongo, umelowa, unahema.

Akampigia Meneja simu, akisimama chini ya upenu.

"Haivuji."

"Nilijua," Meneja akasema.

"Hukujua. Wala mimi sikujua. Nataka mabomba yote ya bondeni yapime oksijeni. Na nataka kupima mvua hii mwanzo mpaka mwisho, tulivyopima kiangazi."

"Tutaongea."

"Si ndiyo tunaongea?"

Pengine miwani ilikuwa inapanguswa. "Haya," Meneja akasema. "Pima."

Alipoingia ndani hakumkuta bibi kwenye kiti. Alimkuta chumbani, ameketi ukingoni mwa kitanda, viatu miguuni, fimbo mkononi, na mapajani ana furushi. Shuka la kijivu, limefungwa fundo kubwa juu, fundo la mtu anayejua kufunga.

"Bibi, tulia, hakuna kitu. Ile kelele ilikuwa nzuri."

"Nimemsikia fundi anavyopiga ukunga."

Kifuniko akalitazama furushi. Vumbi lilikuwa limejilaza kwenye mikunjo yake. "Umefunga saa hizi?"

"Saa hizi! Mikono hii ifunge fundo hili saa hizi? Nimelifunga siku ya mkutano, nilipotoka tu ukumbini."

"Lakini ulisimama. Ulisema huhami."

"Ulikuwa umesimama mbele ya watu peke yako," bibi akasema, "miguu inakutetemeka mpaka sketi inacheza. Ulitaka nikae?"

Kifuniko akaketi sakafuni, mgongo kwenye ukuta, matope yake na yote.

"Wewe nilikuamini," bibi akaendelea. "Hilo jiwe silijui, hatujawahi kutambulishwa." Akaweka fimbo pembeni. "Haya. Umesema haivuji?"

"Leo haivuji."

"Basi nifungue, nirudishe nguo zangu kabatini. Zimeshaanza kunuka." Akaanza kulitafuta fundo kwa kucha.

Kifuniko aliviangalia vidole vile. Mwamba ulikuwa umeshika. Alikuwa na kila sababu ya kuamini kwamba utashika kesho pia. Miaka ikipita gesi ingeyeyuka ndani ya maji ya chumvi, nyingine ingegeuka jiwe, na kila mwaka hofu ingepungua. Lakini miaka hii ya mwanzo gesi ilikuwa bado huru, inakipapasa kifuniko kutoka chini ikitafuta pa kupenya, na kati ya shimo na shimo palikuwa bado pale pale. Vidole vya bibi vikaipata ncha ya shuka.

"Acha," akasema.

Bibi akamtazama.

"Acha hivyo hivyo. Mvua iishe kwanza."

"Na ikiisha?"

"Nitapima tena."

"Na ukishapima?"

"Nitakwambia nilichokiona, bibi. Zaidi ya hapo nitakuwa nakudanganya."

Bibi akalikaza fundo upya, akimalizia kwa meno machache aliyobaki nayo, kisha akamsukumia furushi. "Basi liweke karibu na mlango. Kuliinamia uvunguni kunaniua kiuno kabla hata hiyo hewa yenu haijafika."

Kifuniko akaliinua, akaliweka kando ya mlango. Nje, Keekee alikuwa amefaulu kumrudisha fundi cherehani mpaka uani, na nyuma ya fundi walikuja majirani wengine, wamejikunyata chini ya upenu, wamelowa, wanalitazama furushi kupitia mlango ulio wazi. Hakuna aliyetania.

"Kifuniko," fundi akasema, kiatu chake kimoja mkononi. "Tuambie sisi. Na mimi nifunge langu?"

Watu wote wakamgeukia, kama siku ile ukumbini.

"Leo haivuji," akasema. "Funga tu, fundi. Ila usikimbie."